Stata Inazunguka, Injini Haishiki: Maswali ya Wenye Malori wa Kusini

Msimu wa korosho ukikaribia, malori yaliyolala uani tangu masika huamshwa yote kwa pamoja, na barua za gereji hujaa. Safari hii tumechagua nne zenye lalamiko moja: stata inazunguka, injini haishiki. Magari yote manne ni ya zamani, yenye pampu ya mafuta ya kawaida isiyo na kompyuta. Mwenye gari la komoni reli, yaani mfumo wa mafuta wa kisasa unaoendeshwa na kompyuta, asilegeze nati yoyote ya nozeli (kipulizia mafuta kwenye silinda) kwa kufuata ukurasa huu. Presha ya mifumo ile hufika zaidi ya bar 1,000, na mafuta ya presha hiyo hupenya ngozi.

SWALI: Mafundi, habari za kazi. Nina Canter ya zamani, injini 4D32. Juzi tulibadilisha filta ya mafuta, tukabeba korosho kutoka chama cha msingi hadi ghalani Masasi, gari likarudi bila shida. Likalala siku mbili. Sasa stata inazunguka kwa nguvu, betri ni nzima, lakini haliwaki. Fundi wa jirani alimwaga petroli kidogo kwenye mdomo wa hewa, injini ikashika sekunde chache, ikazima. Anasema pampu imekufa, ishushwe ipelekwe Dar es Salaam. Nimruhusu?
Mwenye Canter, Masasi

JIBU: Usimruhusu kwanza. Pampu iko mwisho wa safari ya mafuta, na kabla yake kuna tanki, mipira, sedimenta (kikombe cha kutenga maji na mafuta), pampu ndogo ya kuvuta na filta. Barua yako haionyeshi kwamba hata kimoja kati ya hivyo kimeguswa, isipokuwa filta iliyobadilishwa juzi. Hapo ndipo tungeanzia.

Hiyo petroli imekupa jibu moja, ingawa kwa njia mbaya. Injini iliyoshika kwa petroli ina hewa na ina kompresheni (mbano wa hewa kwenye silinda) ya kutosha, kwa hiyo inachokosa ni dizeli. Ila mchezo huo usirudiwe. Petroli huwaka kabla pistoni haijafika juu, ikaipiga ikiwa bado inapanda. Ringi huvunjika na koni rodi hupinda. Isipowaka, huosha oili kwenye kuta za silinda, na injini iliyokuwa na kompresheni nzuri asubuhi inakuwa haina jioni.

Mwambie utingo asimame nyuma akiangalia ekzosi huku wewe unapiga stata kwa sekunde 10 hadi 15, si zaidi, halafu stata ipumzike dakika moja. Ukitoka moshi mweupe au wa kijivu wenye harufu ya dizeli mbichi, mafuta yanaingia ila hayaungui. Usipotoka moshi wowote, mafuta hayafiki. Kuna mtego mmoja hapa, nao huwapata hata mafundi wazoefu: Fuso na Isuzu nyingi zina breki ya ekzosi, na kipepeo chake kinachoziba bomba la moshi kikikwama kimefunga, injini haitoi moshi wala haiwaki hata mafuta yakiwepo. Kwako tunakiondoa kwenye hesabu kwa sababu injini ilishika kwa petroli. Wenye magari mengine waingie chini waangalie mkono wake kabla ya kufungua kitu.

Bado uko hapo kwenye injini, tafuta kwenye gavana ya pampu (sehemu inayodhibiti kasi ya injini) ule mkono mdogo wa kuzimia. Hiyo ndiyo sehemu inayovutwa na waya au na mota ndogo unapozima gari. Gari likikaa, mota au waya hukwama upande wa kuzima, na ukipiga stata kutwa nzima pampu haitapeleka hata tone. Usukume kwa kidole hadi upande wa kuwaka, uhakikishe umebaki huko, kisha upige stata. Dakika moja tu inatosha kwa hilo, na pampu kadhaa zimeshawahi kusafirishwa hadi Dar es Salaam kwa kosa la mkono huo.

Kama mkono uko sawa, tunakuja kwenye upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye njia ya mafuta. Filta ikibadilishwa huingia upepo, na injini huweza kutembea nao siku moja au mbili. Kisha gari linalala, dizeli inarudi tanki taratibu kupitia mahali palipolegea, na asubuhi pampu inavuta hewa. Mafuta hayavuji nje, kwa hiyo hakuna anayeona kitu. Upande wa kuvuta, kuanzia tanki hadi pampu ndogo, mpira wenye ufa huingiza hewa bila kutoa tone hata moja.

Utoe upepo hivi. Legeza bolti ya kutolea hewa iliyo juu ya filta, mizunguko miwili tu, na uweke kitambaa chini yake. Fungua kishikio cha pampu ya mkono kwenye pampu ndogo, upige. Filta ikiwa kavu, mipigo 50 si ajabu, kwa hiyo usikate tamaa kwa mipigo kumi. Itatoka povu, kisha povu na mafuta, kisha mafuta matupu. Yakitoka bila povu, kaza bolti huku mkono mwingine ukiendelea kupiga; ukiacha kupiga kwanza, hewa inarudi. Fanya vivyo hivyo kwenye bolti ya hewa ya pampu kubwa. Endelea hadi kishikio kiwe kigumu mkononi, kisha kifunge vizuri, maana kishikio kilicholegea nacho huingiza hewa.

Sasa legeza nati za paipu mbili kwenye nozeli, nusu mzunguko, kwa spana 17. Macho na mikono ikae mbali, mtu mmoja apige stata. Mafuta yakianza kuruka kwa mapigo bila povu, kaza. Injini itashika kwa silinda hizo mbili ikitetemeka, na nyingine zitafuata zenyewe.

Ikiwaka leo na kukataa tena kesho, umeondoa upepo lakini mlango wake uko wazi. Angalia washa za shaba (pete za kuzibia bolti) kwenye filta. Fundi akibadilisha filta mara nyingi hurudisha washa zile zile, na shaba iliyokwisha kubanwa huwa ngumu, haizibi. Nunua mpya, au zipashe moto hadi ziwe nyekundu uzitumbukize kwenye maji, zitalainika. Angalia pia mpira wa duara wa filta, maana ule wa zamani mara nyingine hubaki umenata kwenye kichwa cha filta, na mpya ukawekwa juu yake.

Bolti inayoleta mafuta kwenye pampu ndogo ina chujio dogo la waya ndani yake. Wengi hawalijui. Kutu na uchafu wa tanki huliziba, na dalili yake ni kishikio kurudi polepole kana kwamba kinanyonywa. Lioshe kwa dizeli safi na brashi ya meno.

Kama bado hujui upepo unaingia wapi, kata ubishi kwa dumu. Chukua dumu safi la lita 5, lining'inize juu kuliko pampu, uweke mpira unaoonyesha ndani, na umwagilie pampu ndogo moja kwa moja kutoka humo ukiruka tanki na mipira yake yote. Toa upepo, piga stata. Ikiwaka na ikaendelea, pampu yako ni nzima, ugonjwa uko kati ya tanki na hapo ulipochomeka. Mara nyingi ni mpira uliochoka karibu na klipu, au bomba la kunyonya lililotoboka kwa kutu juu ya usawa wa mafuta, ndiyo maana gari huwaka tanki likijaa na kukataa likifika robo. Kuna pia kifuniko cha tanki kilichozibwa tundu la hewa. Ukikifungua kikavuta pumzi kwa sauti, umemkamata.

Pampu kubwa ishitakiwe pale tu dumu limeunganishwa, hewa imetoka, mkono wa kuzimia uko wazi, na bado nati za nozeli hazitoi kitu. Hata hapo, fungua kwanza vali ya kurudishia mafuta ubavuni mwa pampu. Springi yake ikivunjika, mafuta yote hurudi tanki na pampu hukosa presha ya kujaza. Ni kitu kidogo, bei yake haikaribii ya pampu. Ikibidi kushusha, fundi apige alama ya rangi kati ya pampu na bamba lake, na aweke silinda namba 1 kwenye alama ya pulei kabla ya kufungua. Pampu nzima iliyorudishwa nje ya taimingi, yaani ikapiga mafuta wakati usio wake, haiwashi gari, na hapo utaambiwa Dar es Salaam wamekuibia.

SWALI: Nina Isuzu Elf ya zamani, injini 4JB1, inabeba chumvi kutoka mashambani hapa Lindi. Ilizimwa vizuri jioni, asubuhi ikakataa kabisa. Stata nzuri, moshi hakuna, pampu ya mkono juu ya filta ni ngumu kama kawaida. Kijana wangu anasema ni pampu. Mimi si fundi, nataka tu kujua kama nanunua kitu cha bure.
Mama mwenye Elf, Lindi

JIBU: Mama, kwa maelezo yako hatungenunua pampu. Pampu ya 4JB1 ni ile ya mviringo, na mafuta yake hufungwa na solenoidi (vali inayofunguliwa kwa umeme) iliyosimama nyuma, karibu na zinapotokea paipu za nozeli. Ina waya mmoja. Swichi ikiwa on inapata umeme na kufungua, ikizimwa inafunga. Gari linalobeba chumvi pwani ndilo la kwanza kupoteza waya huo.

Kijana afungue swichi bila kupiga stata, achomoe waya wa solenoidi aurudishe mara kadhaa. Kila ukigusa, isikike "tik" ndani ya pampu. Isiposikika, apime waya kwa testa au taa. Waya ukiwa hauna umeme, kosa liko kwenye fyuzi ya injini, relei au waya wenyewe, na kwa gari lako tungeanza na zile fyuzi zilizooza kijani. Waya ukiwa na umeme na solenoidi iko kimya, apeleke waya mwingine kutoka chanya ya betri moja kwa moja hadi pale kwa kujaribu. Kimya bado? Solenoidi imekufa, na hiyo huuzwa peke yake. Ipatikane ya volti zile zile za gari, 12 au 24; ya 12 ikiwekwa kwenye gari la 24 huungua.

Kama gari limeharibikia njiani na mzigo hauwezi kungoja, solenoidi hufunguliwa kwa spana kubwa, pini na springi vilivyo ndani hutolewa, kisha ganda hurudishwa na kukazwa. Mafuta yatapita muda wote na gari litawaka. Ubaya ni kwamba swichi haitalizima. Dereva atalizima kwa kukanyaga breki kwa nguvu, kuweka gia ya juu na kuachia klachi taratibu. Afanye hivyo kwa kufika nyumbani tu. Gari lisilozimika kwa swichi likianza kuongeza mwendo lenyewe, hakuna wa kulizuia. Pini ihifadhiwe safi, isipotee kwenye mchanga.

Likishawaka, kijana afungue pia waya wa asi (ethi) kati ya injini na chasisi, auparuze ung'ae, aufunge na kuupaka grisi. Chumvi hula waya huo kabla ya vingine.

SWALI: Niko Newala na Fuso Fighter, injini 6D16, volti 24. Miezi ya Juni na Julai asubuhi inatoa moshi mweupe mwingi unaochoma macho, stata inavuta kwa uzito, mwisho tunalisukuma mteremkoni ndipo linawaka, likigonga. Mchana linawaka mara moja. Nimeambiwa nozeli zote sita zimekufa.
Dereva, Newala

JIBU: Ndugu dereva, nozeli sita hazifi usiku na kufufuka mchana. Moshi mweupe unaochoma macho ni dizeli iliyoingia na kutoka bila kuungua. Dizeli haina cheche. Huwashwa na joto la hewa iliyobanwa tu. Stata ikizungusha polepole, chini ya mizunguko kama 150 kwa dakika, hewa hupata muda wa kuvuja kwenye ringi na joto kupotea kwenye chuma kilicholala na baridi ya uwandani. Mteremko unawasha gari lako kwa sababu unazungusha injini haraka kuliko stata yako. Mwenzio wa Mtwara mjini mwenye injini ile ile iliyochoka vile vile huenda asione tatizo hilo mwaka mzima.

Kwa hiyo anza na umeme. Betri mbili zikipumzika zisome volti 25 na kidogo. Pima zikiwa zinapiga stata: zikishuka chini ya 19 au 20, betri au stata ina shida. Pima kila betri peke yake wakati huo huo. Ukikuta moja iko 10.5 na nyingine 8.5, hiyo ya pili ndiyo mzigo. Tuulize pia, redio na chaja ya simu umezivuta kutoka betri moja? Malori mengi yamefanyiwa hivyo. Betri ile inayotoa volti 12 peke yake haijai kamwe, nyingine inajazwa kupita kiasi, zote mbili zinakufa. Nunua kipunguza umeme cha 24 kwenda 12, na betri zinunuliwe zote mbili siku moja.

Kisha pima waya. Weka testa kati ya nguzo ya chanya ya betri na bolti nene ya stata, mwenzio apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, waya au vichwa vyake vinakula umeme. Rudia upande wa hasi, kutoka nguzo ya betri hadi kwenye bodi ya injini.

Oili gani imo ndani? Injini iliyochoka huongezewa oili nzito ili isinywe, na asubuhi ya baridi oili hiyo huishika injini. Rudi kwenye 15W-40 uone stata inavyobadilika.

Baada ya hayo, kama inazunguka kwa kasi na moshi mweupe bado upo, ndipo tunapima kompresheni. Injini nyingi za namna hii zikiwa nzima husoma bar 25 hadi 30. Zikishuka chini ya 20, kuwaka kwa baridi ni bahati. Tofauti kubwa kati ya silinda na silinda ni dalili mbaya kuliko zote kushuka kidogo kwa pamoja. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini, fikiria gasketi ya hedi, hasa kama maji ya rejeta yanapungua. Vali nazo zirekebishwe kwanza, kwa kuwa vali iliyobanwa haifungi, na kurekebisha ni kazi ya saa chache tu. Nozeli zipimwe mwisho kwenye mashine, zisibadilishwe kwa kukisia. Injini zinazopiga mafuta moja kwa moja juu ya pistoni, kama yako, kwa kawaida nozeli zake hufunguka kati ya bar 180 na 220. Kinachotafutwa ni ukungu mwembamba na ncha isiyochuruzika.

SWALI: Tuliishiwa mafuta kupita Nangurukuru, tukanunua dizeli ya dumu barabarani. Gari lilitembea kidogo, likaanza kukosa, likazima. Tumetoa upepo mara nyingi, stata inapiga, haliwaki.
Utingo wa Kilwa

JIBU: Acheni kupiga stata. Kila mzunguko unapeleka kilichomo kwenye dumu lile ndani ya pampu, na pampu hulainishwa na dizeli yenyewe.

Fungueni bolti ya chini ya sedimenta, mkinge kwenye chupa nyeupe ya maji ya kunywa, mfanye hivyo pia chini ya filta na chini ya tanki. Chupa itulie nusu saa. Maji yatakaa chini na dizeli juu, na mpaka wao utauona kwa macho. Harufu kali ya mafuta ya taa ni habari nyingine: gari huwaka nayo, lakini pampu na nozeli husagika kwa kukosa ulaini. Mafuta ya vituoni yalianza kuwekewa vinasaba (alama ya kemikali ya kuyatambua) mwaka 2010 chini ya usimamizi wa EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na mwenye kituo anaweza kuulizwa. Wa dumu hajulikani.

Maji yakiwa kwenye sedimenta peke yake, mna bahati. Mwageni, jazeni dizeli safi, toeni upepo. Yakifika kwenye filta, filta itupwe. Yakifika kwenye pampu, mtayaona kwenye nati za nozeli: matone yasiyochanganyika, au povu jeupe kama maziwa. Hapo tanki lishushwe na kuoshwa, mipira ipulizwe upande wa kurudi tanki, na kabla ya kuunganisha filta mpya mpitishe lita mbili tatu za dizeli safi zimwagike nje. Kisha legezeni nati zote za nozeli, mzungushe injini kwa vipindi vifupi hadi kila paipu itoe dizeli tupu. Fanyeni siku hiyo hiyo. Maji yakilala ndani ya pampu, asubuhi plunja (vijiti vinavyosukuma mafuta ndani ya pampu) zinakuwa zimeshika kutu, na mkono wa mafuta haurudi ukiuachia.

Kuanzia sasa chukueni mpira wa mita moja unaoonyesha ndani, klipu nne, washa za shaba za saizi za filta yenu, spana 17 na filta moja isiyofunguliwa. Jazeni tanki jioni badala ya asubuhi. Tanki tupu hutoa jasho usiku, na kwa unyevu wa pwani jasho hilo hukusanyika chini ya tanki kila siku. Bolti ya sedimenta ifunguliwe kabla ya stata ya kwanza, wakati maji bado yametulia.